SOMO: BWATO LA KOPERATIVE LIANDIKWE KWA JINA LA NANI?



Mahindi yakisha kukauka na kuingia depo, yanataka soko. Kwetu sisi tunaokaa kando ya ziwa Tanganyika, njia ya soko ni maji. Ndiyo maana koperative nyingi zinachanga pesa na kununua bwato. Somo la leo ni juu ya makaratasi ya bwato hilo. Najua wengine watauliza: agronome anatafuta nini kwenye mabwato? Ni kweli, kwenye institut walinifundisha udongo, mbegu na wadudu. Bwato hawakunifundisha hata siku moja. Nilijifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe liliwagharimu watu wengine. Basi nawaeleza, ili lisirudi kwenu.

1. MAMBO YALIYOTOKEA

Kuna koperative moja ya mahindi na maharagwe, jina lake sitalitaja. Wanachama wake walikubaliana kukata kidogo kwa kila gunia waliloliuza. Walifanya vile misimu mitatu, hata wakapata pesa ya bwato la mbao na mota. Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nikiwafuata.

Siku ya kununua, muuzaji alishika bik akauliza: "Fakture niandike jina la nani?" Koperative ilikuwa haijamaliza makaratasi yake. Prezida alikuwa pale, mtu mwema ambaye kila mtu alimwamini. Mimi mwenyewe nikasema: "Andika jina la prezida, tutabadilisha nyuma." Wote wakakubali. Ile nyuma haikufika.

Kwenye ofisi ya mabwato waliandika walichokikuta kwenye fakture, ni kusema jina la prezida. Kisha miaka miwili, prezida akagonjwa, akafa. Matanga yalipokwisha, watoto wake wakubwa wakaja kuchukua bwato. Hawakuwa wezi. Walikuwa na karatasi mkononi, na karatasi ilisema bwato ni la baba yao. "Jina iko ya baba, bwato iko ya baba," ndivyo walivyosema. Hakuna aliyekuwa na karatasi nyingine ya kuwajibu.

Maneno yalichukua miezi saba. Wakati wote ule bwato lilikuwa limevutwa mchangani. Jua likakausha mbao, zikapunguka, pamba ikaanza kutoka katikati ya mbao na mbao. Mahindi ya msimu ule yaliuzwa palepale kijijini, kwa bei waliyoitaka wachuuzi.

Kilichookoa koperative ni kaye ya mama kesie. Tangu gunia la kwanza aliandika kila kitu: jina la mwanachama, tarehe, pesa iliyokatwa, na kila mmoja alitia sahihi au kidole. Mbele ya wazee wa familia na shefu wa kijiji, mama yule alifungua kaye akaanza kusoma. Jina la tisa lilikuwa la prezida mwenyewe: ametoa fungu lake kama wengine, na sahihi yake iko pembeni. Mtoto mkubwa aliomba kuiona. Akaangalia mwandiko wa baba yake kwa muda mrefu, hakusema neno. Kesho yake familia ikakubali kutia sahihi.

Bwato lilirudi, lakini msimu ulikuwa umepotea, na urafiki na familia ile ulichelewa kupona. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri siku ya kwanza ingetosha kuzuia yote.

2. MASWALI MATATU, KARATASI TATU

Watu wengi wanafikiri kwamba bwato likiwa na numero na ruhusa ya kutembea, mambo yamekwisha. Hapana. Kuna maswali matatu, na kila swali liko na karatasi yake.

Swali la kwanza: Bwato ni la nani? Hii inajibiwa na karatasi ya umiliki. Kama umenunua, ni "acte de vente" pamoja na fakture. Kama fundi amekujengea, ni barua ya fundi inayosema: nimejenga bwato hili, nimelipwa na fulani.

Swali la pili: Bwato ni lipi? Hii inajibiwa na "certificat d'immatriculation", ni kusema karatasi ya kuandikishwa. Inatenga bwato lenu na mabwato mengine: numero, jina la bwato, urefu, upana, kina, aina ya mota, na jina la mwenyewe.

Swali la tatu: Bwato linaweza kutembea? Hii inajibiwa na "permis de navigation". Inatolewa kisha bwato kukaguliwa, nayo iko na mwisho wake. Ikiisha muda, bwato linakaguliwa tena.

Fikirini pikipiki ya kijana wa taksi. Plake inaonyesha pikipiki ni ipi. Karte roze inabeba jina la mwenyewe. Lakini kijana anayeiendesha, mara nyingi siye mwenye pikipiki, hata kama polisi wanamwona juu yake kila siku. Bwato ni vilevile. Ruhusa ya kutembea haisemi bwato ni la nani, na karatasi ya kuandikishwa inarudia tu jina mlilolipeleka. Mkipeleka jina lisilo la kweli, ofisi itaandika jina lisilo la kweli, tena kwa muhuri.

Sheria inayosimamia mambo haya katika inchi yetu ni "Code de la navigation fluviale et lacustre" ya tarehe 14 mwezi wa tatu 1966. Ofisi inayohusika ni "Commissariat Fluvial", ambayo watu wanaiita "Fluvial" tu. Iko chini ya wizara ya uchukuzi.

3. KWA NINI JINA LIKO NA NGUVU HIVI

Kuna sababu mbili za kisheria, na kila mwanachama anapaswa kuzijua.

Ya kwanza: katika sheria ya kiraia ya Congo, kwa vitu vinavyohamishika, yule anayekishika kitu anahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka mwingine alete ushuhuda. Kama prezida ndiye anayeshika bwato, na karatasi iko kwa jina lake, ninyi ndio mtatafuta ushuhuda, siye yeye.

Ya pili: sheria ya familia, "Code de la famille" ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mtu akifa bila kuacha wosia, watoto wake ndio warithi wa kwanza, na wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki inakwenda kwa mume au mke aliyebaki, wazazi na ndugu. Angalieni basi: bwato lililo kwa jina la prezida linahesabiwa ndani ya mali yake siku anapokufa. Watoto wanaolidai hawafanyi dhambi. Wanafuata sheria. Kosa ni letu sisi tuliowapa karatasi ile.

Kwa hiyo tusiseme, "Prezida wetu ni mwaminifu." Pengine ni kweli. Lakini uaminifu wake hauwezi kurithiwa, na bwato linaweza kurithiwa.

4. KOPERATIVE LAZIMA IWE "MTU" MBELE YA SHERIA

Ili bwato liandikwe kwa jina la koperative, koperative yenyewe lazima iwe na jina linalotambulika. Congo iliingia katika OHADA, na sheria zake zinatumika kwetu tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012. Kati ya sheria zile iko moja ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12, 2010. Inajua aina mbili:

- Koperative nyepesi, "société coopérative simplifiée": inaanza na watu 5 angalau, na inaongozwa na komite ya usimamizi.
- Koperative yenye "conseil d'administration": inaanza na watu 15 angalau.

Aina zote mbili zinapata nguvu ya kuwa "mtu" wa sheria zikisha kuandikwa katika daftari la koperative. Tangu siku ile koperative inaweza kuwa na mali, kufungua konti, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Mbele ya siku ile ni kundi la marafiki tu, hata kama mko na kofia na bendera. Kwa sababu hiyo makaratasi ya koperative yanatangulia bwato. Kama bado hamjaandikishwa, malizeni kwanza. Bwato litawangoja.

5. HATUA SABA

Hatua ya 1. Mkutano mkuu. Wanachama wanakutana na kuamua: tunanunua bwato, bei isipite kiasi hiki, mwenye bwato ni koperative. Mchague watu wawili wa kwenda kununua, asiende mmoja. Sekretere aandike PV, na wote waliofika watie sahihi au kidole.

Hatua ya 2. Kuangalia muuzaji. Mwombeni karatasi yake ya kuandikishwa, mlinganishe numero ya karatasi na numero iliyo ubavuni mwa bwato. Linganisheni pia numero ya mota. Kama jina la karatasi silo jina la muuzaji, simameni kwanza. Mwulizeni alilipata wapi, naye alete karatasi ya mtu aliyemwuzia. Ulizeni vilevile kwenye ofisi kama bwato halina deni wala kesi. Kama muuzaji ameoa, ni vizuri bibi yake pia atie sahihi, ili kesho asije kusema hakujua.

Hatua ya 3. Acte de vente. Iandikwe hivi: jina la muuzaji na adresi yake, jina kamili la koperative kama lilivyo katika statuti, na numero yake ya kuandikishwa, chini yake, "inayosimamiwa na" majina ya wale wawili. Kisha alama za bwato, mota na numero yake, bei kwa numero na kwa maneno, tarehe, mashahidi. Mpeleke kwa notere aitie muhuri. Fakture nayo ibebe jina lilelile. Msikubali neno "tutabadilisha nyuma". Mimi nililisema, na mmeona lilikotufikisha.

Hatua ya 4. Kuandikisha. Mnapeleka barua kwenye Commissariat Fluvial pamoja na kopi za acte de vente, statuti, karatasi ya koperative na PV. Ofisi inatuma mtu kupima na kukagua bwato. Someni kila karatasi mbele ya kutoka ofisini. Herufi moja ikikosewa kwa jina, ombeni irekebishwe palepale.

Hatua ya 5. Malipo. Malipo ya serikali yanatoka na "note de perception", na pesa zinalipwa benki, kisha mnapewa ushuhuda wa kulipa. Mtu akiwaambia mlipe mkononi bila karatasi, mwombeni kwa heshima aandike kiasi na sababu. Pesa isiyokuwa na karatasi, ni kama hamkulipa.

Hatua ya 6. Alama juu ya bwato. Numero na jina viandikwe kwa rangi pande zote mbili, herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Mpige picha: mbele, nyuma, kila ubavu, na numero ya mota. Bwato likiibiwa usiku, picha zile ndizo mtakazozipeleka polisi.

Hatua ya 7. Farde. Karatasi za asili zikae katika farde moja ya plastiki, ndani ya sanduku la koperative. Kopi moja ibaki kwa sekretere, kopi moja isafiri na kapteni. Tarehe ya mwisho ya permis de navigation iandikwe kubwa ukutani mwa depo, ili kila mwanachama aione anapoleta magunia.

Kuna koperative zinazovuka kwenda Kigoma, Bujumbura au Mpulungu. Ziwa letu linagawanywa na inchi nne, na ng'ambo ile bwato ni mgeni. Huko watauliza kwanza linatoka inchi gani na ni la nani. Mbele ya kuvuka, ulizeni ofisini makaratasi mengine yanayohitajika, pamoja na ya duane.

6. KUPIMA: BWATO LETU LINABEBA NGAPI?

Inspekteri atapima bwato na kuweka kiasi cha mzigo. Lakini ni vizuri mjue hesabu yenyewe, ili asije mtu kuwadanganya, wala ninyi msijidanganye. Hesabu inasimama juu ya jambo moja: bwato linapoingia majini linasukuma maji, na maji yale yaliyosukumwa ndiyo uzito wake. Maji ya ziwa yanayojaa meta moja kwa kila upande ni tani moja.

Fanyeni hivi. Bwato likiwa majini bila mzigo, lakini mota na petroli viko ndani, pigeni mstari wa rangi maji yanapofika. Huo ni mstari wa utupu. Inspekteri atawaonyesha mstari wa pili juu yake, ule ambao maji hayapaswi kuupita. Mpime meta ngapi ziko katikati ya mistari miwili. Kisha mzidishe: urefu wa bwato penye maji, mara upana, mara nafasi ya mistari miwili, mara 0,6. Hiyo 0,6 ni kwa sababu bwato si sanduku. Linapunguka mbele na nyuma.

Mfano: urefu meta 10, upana meta 1,80, nafasi ya mistari sentimeta 25, ni kusema meta 0,25.

10 × 1,80 × 0,25 × 0,6 = 2,7

Bwato linabeba kama tani 2,7, au kilo 2.700. Lakini msikimbie kusema magunia 27 ya kilo 100! Watu pia ni mzigo. Wakiingia watu 10 wa kilo 70, ni kilo 700. Zinabaki kilo 2.000, yaani magunia 20. Na siku ya upepo, mpunguze tena. Kama hesabu yenu na ya inspekteri hazilingani, fuateni ile iliyo ndogo.

Jambo hili si la kuchezea. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, bwato Merdi lililotoka Minova lilizama karibu kabisa na Goma, katika ziwa Kivu. Lilikuwa limejaa kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Hesabu za watu waliokuwa ndani hazikulingana. Kila safari, basi, kapteni aandike majina ya wote wanaopanda, kopi moja ibaki bandarini, na kila mtu apate jile. Ikitokea ajali, karatasi ile ndiyo itakayoambia familia nani alikuwa ndani.

7. KAMA BWATO LIMEKWISHA KUANDIKWA KWA JINA LA MTU

Najua koperative nyingi zinazosoma somo hili ziko katika hali hiyo. Msiogope, tena msimshitaki prezida wenu. Pengine hakuiba kitu. Fanyeni haraka mambo haya, wakati yeye ni mzima:

- Aandike barua: "Bwato hili, numero hii, lilinunuliwa kwa pesa za wanachama. Mimi nilibeba jina tu."
- Bibi yake, au bwana yake kama prezida ni mama, na mtoto mkubwa mmoja watie sahihi kama mashahidi.
- Barua ipelekwe kwa notere, kisha kwenye Commissariat Fluvial pamoja na PV na kaye ya michango, kuomba jina libadilishwe.
- Karatasi mpya ikisha kutoka, ya zamani irudishwe ofisini.

Prezida mwema atafurahi, kwa sababu karatasi hii inalinda pia watoto wake. Inawaepusha na ugomvi na kijiji kizima siku ya matanga.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Mali za koperative yetu (bwato, mashine ya kusaga, depo, pikipiki) ziko kwa jina la nani? Sekretere alete karatasi, tuzisome pamoja.
2. Michango yetu imeandikwa wapi? Kaye ikipotea leo, kuna kopi?
3. Permis de navigation yetu inaisha lini?
4. Bwato letu liko na urefu wa meta 12, upana meta 2, nafasi ya mistari sentimeta 30. Watakuwa ndani watu 8 wa kilo 70. Tupakie magunia mangapi ya kilo 100? (Jibu: kilo 4.320 kutoa 560 ni 3.760. Magunia 37, hakuna 38.)

Ndugu wanachama, gunia la mahindi mnalihesabu vizuri, mnajua ni la nani hata usiku. Bwato limetoka katika magunia yale yale. Lipeni jina lake. Mama kesie wa koperative ile angali anaandika. Sasa ana kaye mbili, moja ya kwake, na nyingine inalala nyumbani kwa sekretere. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu: "Mtu atakufa, kaye itabaki." Nimelichukua neno lake kuwa mwisho wa somo hili.